Kuwasaka Waliozaliwa 2007: Mwanza, Ukerewe, Bunda, Sengerema

Ijumaa, Mwanza

Juu ya karatasi ya orodha Mwalimu, kocha wetu, ameandika 2007 kwa wino mwekundu, akaipigia mistari miwili chini. Safari yetu yote iko kwenye namba hiyo.

Michezo ya Afrika ijayo imepangwa kufanyika Cairo mwaka 2027. Soka la wanawake kwenye michezo hiyo, tangu Rabat 2019, limekuwa la wasichana wa chini ya miaka 20, na Ghana walipokuwa wenyeji Machi 2024 waliufuata utaratibu huo huo. Ukibaki ulivyo, anayetafutwa ni aliyezaliwa 1 Januari 2007 au baada ya hapo. Aliyetangulia hata kwa siku moja, awe fundi namna gani, Cairo haimhusu.

Niseme mapema: sisi hatuchagui timu ya taifa. Hiyo ni kazi ya TFF, shirikisho la soka la nchi, na makocha wake. Sisi ni kituo kidogo cha wasichana hapa mjini, tunafanyia mazoezi tunapopata nafasi, na kazi yetu ni kumtoa binti mahali ambapo hakuna anayemwona tukamsogeza mahali anapoonekana. Alliance Girls wametoka Mwanza hii hii wakacheza Ligi Kuu ya Wanawake, kwa hiyo njia ipo. Kinachotushinda ni kule njia inakoanzia, visiwani na vijijini.

Mimi nilidaka miaka kadhaa mpaka goti likagoma. Sasa ni mtu wa makaratasi. Leo nimenunua bahasha, kalamu na plasta, nimehesabu bipsi za mazoezi, nimebishana na fundi viatu wa Makoroboi kuhusu njumu zilizoachia soli. Amezishona kwa uzi wa nyavu. Anasema uzi uliomshinda sangara hautashindwa na mtoto wa kike. Nimemlipa, sikumjibu.

Jumamosi, majini, halafu Nansio

Bandari ya Mwanza Kaskazini asubuhi ni dizeli, maandazi na watu wanaoitana kwa majina ya visiwa vyao. Meli ilijaa: magodoro, mabati, kreti za soda, kuku waliofungwa miguu, na mtu mmoja aliyebeba kioo cha kabati kifuani njia nzima bila kukaa. Tumekwenda na wasichana wawili wa kituo, beki wa kati na winga, wakawaonyeshe wenzao mazoezi. Msichana akimwona msichana mwenzake anapiga mpira anaelewa upesi kuliko akipigiwa filimbi na mwanaume. Hayo ni maoni yangu. Mwalimu hakubali, na yeye ndiye mwenye filimbi.

Mawe ya Mwanza yakaanza kubaki nyuma. Hospitali ya Bugando juu ya kilima chake ikawa ya mwisho kupotea.

Wasichana wana video ya fainali ya 2024, ile ya Cape Coast, Ghana, kwenye simu na wameitazama mpaka wanajua mtangazaji atapandisha sauti wapi. Nigeria wanatangulia. Ghana wanasawazisha. Mechi inaingia muda wa nyongeza, Ghana wanapata la pili, 2-1, na uwanja mzima unasimama. Kila wakifika hapo wanapiga kelele upya, na abiria wanageuka kuangalia kuna nini.

Mzee aliyekuwa amekalia gunia la unga akauliza hao watoto wanatazama nini. Nikamwambia ni Michezo ya Afrika.

“Si ndiyo ile ya Bayi?”

Ndiyo ile ile, babu. Filbert Bayi alichukua dhahabu ya mita 1,500 Lagos mwaka 1973, mbele ya Kipchoge Keino, na mzee anasema aliisikia redioni wakati huo akiwa kijana anayevuta nyavu. Anamjua Bayi nje ndani, mpaka rekodi ya dunia ya Christchurch mwaka uliofuata. Asilolijua ni kwamba kwenye michezo hiyo wanawake wanacheza mpira.

Sikumshangaa. Michezo yenyewe ilianza Brazzaville 1965 na mpira wa wanaume ulikuwemo tangu siku hiyo. Wa wanawake ulisubiri hadi Abuja 2003. Miaka 38! Nigeria wakauchukua kwao nyumbani, wakaurudia Algiers 2007. Maputo 2011 Kamerun wakaifunga Ghana fainali. Brazzaville 2015 Ghana wakalipa kisasi kwa 1-0. Rabat 2019, sasa ni mashindano ya vijana, Nigeria na Kamerun wakamaliza bila bao, Nigeria wakashinda kwa penalti. Halafu ndiyo hiyo ya Cape Coast iliyokuwa ikituchekesha melini.

Mzee alikuwa akihesabu kwa vidole. “Kwa hiyo ni wale wale watatu wanapokezana.”

Wale wale watatu. Nje ya Nigeria, Kamerun na Ghana hakuna aliyewahi kuondoka na dhahabu hiyo.

“Na sisi?”

Sisi tulikuwepo. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walikwenda Maputo. 2015 waliitoa Zambia wakafika Brazzaville. Tanzanite, wale wa chini ya miaka 20, walikwenda Ghana 2024. Medali hatuna. Mzee akaguna. Hapo winga wetu akaingilia: “Lakini Uganda mara hiyo ya Ghana walifika nusu fainali, babu, ndipo Nigeria wakawatoa. Na Uganda si hapo tu!” Akanyoosha mkono kaskazini, ambako hakukuwa na kitu ila maji.

Nansio, kisiwani Ukerewe, tuliingia jua likiwa kali. Mwenyeji wetu, mwalimu wa michezo wa shule moja, alikuwa amewakusanya mabinti kutoka vijiji kadhaa na kuwagawa timu mbili. Uwanja umeinamia upande wa ziwa, kwa hiyo mpira ukitoka huko anayeufuata anakimbia mpaka kwenye mihogo. Mbuzi waliondolewa mara mbili, wakarudi mara tatu.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kawaida: rundo la watu nyuma ya mpira, vumbi, kelele. Kisha nikaona kitu cha ajabu kwenye miguu. Binti mmoja winga ya kushoto alikuwa na njumu mguu mmoja tu, wa kushoto. Wa kulia peku. Beki wa timu hiyo hiyo alikuwa na njumu ya kulia, kushoto peku. Jozi moja, wachezaji wawili, kila mmoja kachukua mguu anaopigia. Nilimuuliza mwenyeji wetu, akaniambia wamecheza hivyo msimu mzima na hawajawahi kugombana.

Yule wa kushoto alipokea pasi akiwa ameipa mgongo goli. Beki kamganda. Aliuacha mpira upite katikati ya miguu yake mwenyewe, akageuka upande ambao beki hakuutegemea, akaupiga kabla haujatulia, chini, nguzo ya mbali. Kipa hakuanguka hata kwa adabu. Nimedaka, najua: lile si bao la kubahatisha, aliangalia goli kabla pasi haijamfikia.

Mwalimu aliacha kuandika. Nimemzoea, akiacha kuandika, kuna jambo.

“Una miaka mingapi?”

“Kumi na saba.”

Wenzake wakacheka kidogo, sijui kwa nini. Cheti cha kuzaliwa hana. Aliishia kidato cha pili. Anaishi na bibi yake na mjomba wake, nyumba iko karibu na mwalo wa wavuvi.

Tukaenda jioni ile ile. Bibi alikuwa akikusanya dagaa kabla umande haujashuka, anawasukuma kwa mikono kutoka pembe za nyavu kuja katikati, haraka haraka, hata shikamoo zetu akazipokea ameinama. Tulisaidia kidogo, kwa namna ya wageni wanaoharibu kazi. Baadaye akatukalisha, akatuletea ugali wa muhogo na sato wa mchuzi, na ndipo nikatoa kalamu.

“Bibi, huyu mjukuu alizaliwa mwaka gani?”

“Mwaka ziwa lilipokimbia.”

Nilijua tumekwisha. Ziwa lilipungua sana 2005 na 2006. Ukame ulisaidiana na mabwawa ya umeme ya kule Jinja yaliyokuwa yakitoa maji mengi. Bibi anakumbuka mitumbwi imekaa juu ya tope, na yeye akivuka tope hilo kufuata maji huku mwanawe ana mimba kubwa. Watu wa pwani ya ziwa hawahitaji kalenda kwa mambo ya namna hiyo.

Mjomba akaruka: “Mama anachanganya. Huyu ni wa 2008. Hata shuleni ameandikwa 2008.” Kadi ya kliniki? Ilikwenda na maji, 2020, ziwa lilipopanda likaingia mpaka chumbani. Kwa hiyo ziwa lililoweka alama ya kuzaliwa kwake ndilo lililobeba ushahidi.

Bibi akasema, bila kumtazama yeyote: “Padri aliandika.”

Jumapili, Ukerewe

Misa ilikuwa ndefu, na baada ya misa kulikuwa na mnada wa sadaka: ndizi, mayai, jogoo mmoja aliyenunuliwa na kurudishwa kuuzwa tena. Katekista, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, hakutaka kufungua ofisi mpaka kila mtu atawanyike. Vitabu vya ubatizo, alisema, si vya kusomwa na kila mpita njia. Ni kweli. Bibi ikabidi aingie mwenyewe na kusema ni mjukuu wake.

Kitabu ni kikubwa, jalada gumu jeusi, kurasa zimelainika pembeni kwa kufunuliwa. Kila mstari ni mtu: namba, jina, siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, baba, mama, msimamizi. Mwandiko wa mwaka ule ni mmoja tu, umelala upande wa kulia, na wino wa bluu umeanza kuelekea kahawia. Katekista aliteremsha kidole polepole. Pasaka 2007 ilikuwa 8 Aprili. Siku hiyo walibatizwa watoto wengi, karibu ukurasa mzima. Kidole kikasimama.

Alizaliwa 11 Novemba 2006.

Hakuna aliyesema kitu. Binti mwenyewe alikuwa mlangoni, hakuingia. Alituangalia nyuso akaelewa.

Wiki saba na siku chache. Kama mama yake angechelewa mpaka Januari, tungekuwa tunaongea mambo ya hati ya kusafiria.

Mjomba alitusubiri nje chini ya mwembe na mpango wake. Nitaueleza wote kwa sababu nimeshausikia mahali pengi na kila mara unasemwa kwa nia njema. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wale wa serikali, hana, sivyo? Vizuri, basi hakuna cha kufuta. Ataapa mahakamani kwamba mtoto kazaliwa 2008, shule itatoa barua yenye 2008, mtendaji atagonga muhuri, na kwa karatasi hizo ataombewa cheti. “Kitabu cha padri nani atakuja kukiangalia huku?”

Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akamwambia: “Mjomba, ukimpa miaka ya uongo leo, ataibeba kwenye cheti, kwenye kitambulisho, kwenye pasipoti, mpaka kwenye ndoa. Na siku atakapofunga bao la kuikera nchi nyingine, wao watakiangalia hicho kitabu.”

Mjomba alinuna. Sikumwona mtu mbaya. Aliona mlango mmoja maishani mwake, akataka kuweka mguu usifungwe. Lakini kuna jambo huwa halisemwi. Kila binti anayepunguziwa miaka anakalia kiti cha mwingine aliyezaliwa kweli 2008, na huyo mwingine huwa hana mjomba wa kumsemea. Mimi huyo wa pili ndiye ninayemwona usiku nikiandika fomu.

Bibi alisikiliza yote akiwa ameshika kanga yake mkononi. Alichouliza ni kimoja: kama binti si wa Cairo, tulikuja kufanya nini kwake?

Ndipo binti alipozungumza, mara ya kwanza tangu asubuhi. “Twiga nao wana umri?”

Hawana. Twiga Stars ni timu ya wakubwa. Ligi Kuu nayo haina mwisho wa miaka. Nilimweleza habari za Morocco, Julai 2025, Twiga walipotoka sare 1-1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, Opa Clement akifunga. Nikamweleza Aisha Masaka aliyefika Brighton, na Clara Luvanga aliyekwenda Al-Nassr kule Saudia. Alikuwa anawajua wote watatu kuliko mimi. Alichotaka ni kusikia nikisema kwa sauti mbele ya mjomba.

Jumatatu, kivuko cha Rugezi hadi Mwanza

Hatukurudi kwa meli. Tulichukua njia ya juu: kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya, halafu barabara mpaka Bunda. Kivukoni muuza karanga alitambua bipsi zetu akauliza kama sisi ni Bunda Queens. Winga wetu alitaka kukubali. Mji wa Bunda kuwa na timu ya wanawake ya Ligi Kuu kumefanya kitu huku. Watoto wa kike wanapita barabarani na mpira kwapani na hakuna anayegeuza shingo.

Kwenye basi niligombana na Mwalimu, ugomvi wa kirafiki, kuanzia Lamadi hadi Magu.

Yeye anasema kuyafanya mashindano ya Michezo ya Afrika kuwa ya vijana ni uamuzi mzuri: timu za wakubwa zina Kombe la Mataifa ya Afrika lao, basi hapa wapewe nafasi wasichana ambao bila hivyo wangekaa benchi miaka mitano. Sikatai. Lakini mwangalie anayeshinda. Nigeria hadi 2024 hawakukosa Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20 hata moja, na wamefika fainali 2010 na 2014, mara zote wakafungwa na Ujerumani. Ghana nao wamekuwa wakienda tangu 2010. Wasichana wao wanaingia kambini wakiwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano. Akifika kumi na tisa ameshasafiri, ameshafungwa, ameshalia, ameshajifunza kupumzika na mpira mguuni. Yule wetu wa Nansio ana miaka kumi na tisa, na juzi ndiyo mara ya kwanza kocha wa mji kumwona. Mlango wa miaka ishirini unafungwa saa ile ile anapofika ukumbini.

“Kwa hiyo tatizo si umri,” akasema Mwalimu.

Tatizo ni mahali anapoanzia. Mwanza mjini binti anaweza kuanza na miaka kumi. Kisiwani anaanza akishamaliza kazi za nyumbani, na zile hazimaliziki.

Mwalimu, ambaye hapendi kushindwa hata na basi, akanitolea India 2022. Serengeti Girls, chini ya miaka 17: walifungwa na Japani 4-0, watu wakazima televisheni, halafu wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali ya Kombe la Dunia. Wasichana wa kwetu. Walianza wapi hao? Nikamwambia ndiyo maana yangu, waliwahi kuonekana. Akasema basi tunakubaliana. Nikasema hatukubaliani. Dereva wa basi akaongeza sauti ya redio.

Lamadi tulinunua matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa. Stendi ya Nyamhongolo usiku, bodaboda, nyumbani.

Jumanne, Sengerema

Daraja la Kigongo–Busisi tulivuka nikiwa bado natafuta miwani kwenye mkoba. Ni kama kilomita tatu juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025, na wale waliokuwa wakilala foleni ya kivuko hapa wanalivuka wamenyamaza, nadhani kwa kutoamini. Kwetu maana yake ni moja: timu ya Sengerema sasa inaweza kuja Mwanza ikacheza ikarudi kulala kwao. Zamani mechi ya kirafiki ilikuwa bajeti ya siku mbili.

Uwanjani tulipata wasichana wengi kuliko tulivyotarajia, na beki mmoja aliyenifurahisha kwa sababu zisizo za mpira: alikuja na cheti cha kuzaliwa kimewekwa ndani ya plastiki, halisi, tarehe safi, 2008. Mama yake alikifuatilia zamani kwa ajili ya mambo ya shule. Kama beki, ni wa wastani. Anapiga mpira mbele na kuomba Mungu. Mwalimu ameandika jina lake hata hivyo. Hivi ndivyo ilivyo: mwenye karatasi anasubiriwa ajifunze mpira, mwenye mpira anasubiriwa apate karatasi, na wa kwanza huwa anafika mapema zaidi.

Halafu kipa. Wa 2009, kidato cha tatu, mrefu, mikono mirefu zaidi. Hana glavu, hajawahi kuwa nazo. Krosi ya kwanza alitoka akaipiga ngumi, ya pili akatoka akaipiga ngumi, ya tatu nikashindwa kukaa. Nikaingia golini na viatu vyangu vya safari. Nikamwonyesha vidole gumba vikaribiane nyuma ya mpira, viganja viupokee mbele ya uso, kisha uvutwe kifuani. Alidondosha minne. Wa tano ukakaa. Alinitazama kama niliyemwibia siri na kumrudishia. Baada ya hapo hakupiga ngumi tena, hata pale ambapo ngumi ndiyo ilikuwa sahihi, na Mwalimu akanilaumu kwa hilo mpaka jioni.

Mama yake ni mkulima, anauza mchele wa rejareja siku za gulio. “Mwangaluka, mayo.” “Mwangaluka.” Salamu zikaisha, akaanza maswali, na ningependa kila anayelalamika kwamba wazazi wa vijijini wanawazuia mabinti asimame pale asikilize.

Atalala wapi? Na nani chumba kimoja? Mlango una komeo ndani au nje? Nani anashika pesa ya chakula? Akiugua, ni nani atakayenipigia, wewe au mtu nisiyemjua? Huyo kocha ana mke? Shule atahama au ataacha? Akipata mimba huko, nitakuja kumdai nani?

Mwalimu aliangalia viatu vyake. Nilijibu moja moja. Komeo liko ndani. Analala na wasichana wenzake watatu, na mlezi mwanamke chumba cha pili. Shule haachi, atabaki hapa hadi amalize kidato cha nne, na atakuja Mwanza likizo na wikiendi za mechi, kwa kuwa daraja lipo. Swali la mwisho nilimwambia utakuja kunidai mimi, na nikampa namba yangu, ya mlezi, na ya mume wangu. Akazipiga zote tatu pale pale. Ya mume wangu ikaita, akapokea. Wakasalimiana, akamuuliza kama mimi ni mtu mkweli. Sijui alijibiwa nini. Alikata simu akasema mtoto atakuja likizo.

Cheti cha huyu kinafuatiliwa. Kadi ya kliniki ipo, imehifadhiwa ndani ya Biblia, tarehe inasomeka. Kwa miaka na kwa karatasi, Cairo imo ndani ya uwezekano. Kwa mikono, tutaona.

Jumatano, Mwanza

Asubuhi mjomba wa Nansio ametuma picha kwenye simu ya Mwalimu: kiapo, muhuri, 2008. Hakuandika neno. Mwalimu amemjibu kwa herufi kubwa kwamba kiapo hicho hatukipokei, na mtoto tunamtaka kwa miaka yake ya kitabuni.

Kimya mpaka saa tisa alasiri. Kisha ikaingia namba ngeni, sauti ya binti, nyuma yake watu wa sokoni wanabishania bei. Amekwenda kwa katekista mwenyewe na kuomba cheti cha ubatizo, ameandikiwa, amelipia. Aje nacho? Njoo nacho. Mwenzake wa njumu ya kulia amemwachia ya kwake, kwa hiyo jozi imetimia, ila anauliza kama tunaweza kumtumia yule beki nyingine, maana ana mechi Jumapili. Nimeahidi zile zilizoshonwa kwa uzi wa nyavu.

Kuhusu nauli, alisita. Anakuja Jumamosi, lakini si peke yake. Bibi amesema hakuna mtu wa nyumba yake atakayelala mahali ambapo yeye hajapaona kwa macho, na dagaa wataanikwa na mjomba siku hizo mbili, apende asipende. Nimetuma ya watu wawili.